Tuisusie iPhone kwa sababu ya programu huria?

SWALI: Nina programu ya kutunza hesabu za kikoba kwenye Android. Leseni yake ni GPLv3 (ya programu huria, yaani ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadilisha na kuzisambaza), na wenzangu wanne wamechangia msimbo. Wanachama wenye iPhone wanaomba toleo lao, lakini wenzangu wanasema tuisusie Apple kwa kuwa inambana mtumiaji. Tufanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Apple imewahi kususiwa. Mwaka 1988 iliishtaki Microsoft na Hewlett-Packard kwa madai ya kuiga sura ya skrini yake. Free Software Foundation, shirika la kutetea programu huria la Richard Stallman, likawataka watu wasinunue kompyuta za Macintosh (Mac) za Apple wala kuziandikia programu. Mgomo ukakoma 1995, Apple ikiwa tayari imeshindwa mahakamani. Wenye Mac ndio waliokaa miaka yote hiyo bila GNU, mradi wa programu huria wa Stallman, kuwajali rasmi.

Ila kwenu leseni inatangulia mgomo. GPL inakataza kumwongezea mpokeaji masharti, na duka la Apple lina masharti yake. Kwa ajili hiyo GNU Go (mchezo) iliondolewa dukani 2010, na VLC (kicheza video) Januari 2011, baada ya mmoja wa waandishi wake kulalamika. VLC ilirudi Julai 2013, leseni zikiwa zimebadilishwa kwa ridhaa ya wachangiaji. Kwa hiyo hata mwenzako mmoja tu akipinga, anaweza kuiondolesha programu yenu. Huwezi kuamua peke yako, na ni haki yao.

Wakikubali, anza na amri hii ya git, chombo kinachotunza historia ya msimbo:

git shortlog -sne --all

Inaorodhesha waliochangia na barua pepe zao. Isome kwa uangalifu: mtu mmoja mwenye anwani mbili huonekana kama wawili, na kiraka (badiliko la msimbo) ulichotumiwa ukakiingiza mwenyewe kinaweza kubeba jina lako badala ya la aliyekiandika. Kila mmoja aandike kwamba anaridhia ruhusa ya ziada ya kusambaza kupitia duka hilo. Kifungu cha 7 cha GPLv3 kinaruhusu nyongeza ya namna hiyo. Kisha kagua maktaba, yaani misimbo ya watu wengine mliyoitumia ndani ya programu yenu. FFmpeg (ya video na sauti), kwa mfano, ni LGPL, leseni iliyo legevu kuliko GPL, mpaka uijenge kwa --enable-gpl. Hapo yote inakuwa GPL, na ridhaa yenu haiwagusi wenye FFmpeg.

Ushauri wetu: msiwasusie wanakikoba, na dukani msikimbilie. Tengenezeni toleo la wavuti linalopitia HTTPS (muunganisho salama). Mtumiaji alifungue kwa Safari, kivinjari cha iPhone, abonyeze kitufe cha kushiriki, aliweke kwenye skrini ya mwanzo. Hatua hiyo isirukwe. Data ya tovuti iliyofunguliwa kama kichupo cha kawaida hufutwa na Safari baada ya siku 7 za kutumia kivinjari bila kuigusa tovuti hiyo, na kikoba kinachokutana mara moja kwa mwezi kitakuta daftari tupu. Ikiwa skrini ya mwanzo, kanuni hiyo haiihusu, na tangu toleo la 16.4 la iOS (mfumo wa iPhone) inaweza pia kutuma arifa. Bado wekeni kitufe cha kutoa hesabu zote kama faili la CSV (jedwali linalofunguka kwenye programu kama Excel).

Wenzako wakitaja Ulaya, ni kweli: tangu Machi 2024 iPhone za huko zinapokea maduka mengine. Iliyolazimisha ni sheria ya Umoja wa Ulaya, na haifiki Morogoro.

SWALI: Je, naweza kuwawekea kwa kebo bila kupitia duka?

JIBU: Unaweza, ukiwa na Mac yenye Xcode (programu ya Apple ya kutengenezea programu), na kwenye iOS 16 na kuendelea uwashe hali ya msanidi katika mipangilio ya faragha na usalama ya iPhone. Kwa akaunti ya bure ya Apple, sahihi ya kidijitali inayoiruhusu programu kufunguka huisha baada ya siku 7 na programu hukataa kufunguka. Isakinishe tena juu ya ile ya zamani. Ukiifuta kwanza, hesabu zinaondoka nayo. Akaunti ya kulipia ni dola 99 kwa mwaka, na kwa njia hii inaruhusu iPhone 100 ulizozisajili. Kwa kikoba kimoja zinatosha, mradi kuwe na wa kulipa ada hiyo kila mwaka.