Maswali na majibu: mkono umepata ngapi?

Safari hii barua nyingi zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti: hizi namba tunazopewa mazoezini zina maana gani? Mimi ni mtu wa fiziotherapia hapa Kigoma mjini. Mnaniita daktari wa mazoezi, nami nimeshazoea.

Shikamoo daktari. Mume wangu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Kila tukienda anapewa sanduku la vibao, avihamishe huku na huku, anahesabiwa, basi. Mtu wa miaka 58 anachezeshwa kama mtoto wa chekechea! – Mama, Ujiji

Marahaba mama. Ile si tiba, ni mzani. Sanduku lina vibao 150, kila kimoja sentimita mbili na nusu kila upande, na ukuta katikati. Ana sekunde 60 za kuvusha kibao kimoja kimoja. Akibeba viwili kwa mpigo, kinahesabiwa kimoja. Kurusha pia hakumsaidii, maana ncha za vidole lazima zivuke ukuta. Mkono usioumwa ndio unaotangulia, ili aielewe kazi nasi tupate cha kulinganishia. Mwenye afya huvusha 60 hadi 90 hivi, kutegemea umri.

Sasa mtazame wakati anafanya. Bega linainuka, kiwiko kinanyooka, vidole vinafunguka, vinashika, halafu vinatakiwa viachie. Hapo kwenye kuachia ndipo wengi wa kiharusi wanapokwama. Kuna mzee nilimpima, akakishika kibao barabara, akakivusha, kisha akabaki nacho mkononi akikitazama kama mtu aliyekumbushwa deni. Vidole vimegoma na saa inakimbia. Alipata vinne siku ile, nami nikajua wiki zinazofuata tufanye nini: kufungua vidole. Kukamua mpira, ambako familia yake ilikuwa inamsukumia kutwa, tulikuacha.

Ila malalamiko yako nayapokea. Anayempima amtajie namba yake na kuiandika kwenye daftari lenu. Kupimwa bila kuambiwa umepata ngapi kunaudhi, hata mimi ningenuna.

Nilivunjika kifundo cha mkono wa kulia, hogo lilitolewa wiki tano zilizopita. Nikikamua kile chuma cha kupimia nguvu za mkono napata kilo 18, kushoto 36. Nirudi ziwani? – Mvuvi, Kibirizi

Bado, kaka. Kwa anayetumia kulia, mkono huo kwa kawaida huuzidi wa kushoto kwa kama asilimia 10. Kwa hiyo wako tungeutegemea kwenye 39 au 40, na wewe hujafika hata nusu yake. Kuvuta wavu wenye dagaa usiku, mtumbwi unayumba, si mahali pa kujaribia.

Uliza pia ulipimwaje. Unatakiwa ukae, bega limetulia, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, ukamue mara tatu tuchukue wastani. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpima bwana mmoja amekaa, aliporudi nikampima amesimama, mkono umenyooka. Namba ikapanda, nikampongeza, akaenda kutangaza kwao. Kumbe nilikuwa nimelinganisha mikao miwili, nisijue mkono wenyewe umefika wapi. Mpaka leo naona haya nikikumbuka.

Kilo peke yake haitoshi hata ikipanda. Waambie wapime pia kifundo kinakunja na kunyooka kwa nyuzi ngapi, na kiganja kinageuka kutazama juu kwa kiasi gani. Kwa sasa shona nyavu, anika dagaa, na daktari wa mifupa akuthibitishie kwamba mfupa umeunga.

Mama yangu yuko mbali na hospitali, nauli inatushinda. Tunaweza kumpima nyumbani? – Msomaji, Tabora

Mnaweza, tena vizuri. Maharage 20 kwenye sahani, bakuli kando yake, simu yenye saa. Ayahamishe moja moja kwa mkono ulioumwa, mwandike sekunde. Kiti kilekile, meza ileile, saa ileile ya siku, mara moja kwa wiki. Msimpime kila siku, atachoka nanyi mtakata tamaa bure, maana mkono wa Jumatatu na wa Jumanne hauna habari mpya.

Halafu ongezeni tonge. Vipimo vyetu vingi vimetoka kwa watu wa kijiko: kipimo cha kazi za mkono cha Jebsen, cha mwaka 1969, kina kazi saba, na mojawapo ni kuchota maharage kwa kijiko cha chai. Hakina ugali. Kwangu kumega tonge ni kipimo kamili: vidole vinabana, kiganja kinaviringisha, dole gumba linabonyeza, mkono unachovya mchuzi na kufika mdomoni. Toeni alama kama tunavyofanya kwenye kipimo kingine chenye kazi 19: sifuri hawezi kabisa, 1 anafanya sehemu tu, 2 anamaliza kwa shida au polepole sana, 3 kawaida. Chai ya moto isiwemo.

Namba hiyo ni ya mama dhidi ya mama mwenyewe. Jirani aliyehamisha maharage yote kwa sekunde 30 hahusiki.

Hospitali wanasema mkono wa mume wangu umepanda sana. Nyumbani unakaa mfukoni, kila kitu anafanya na wa kushoto. Nani anadanganya? – Kasulu

Hakuna anayedanganya dada. Hospitali imepima anachoweza, wewe unaona anachofanya. Baada ya kiharusi mtu hujaribu mkono, unamwangusha, anauacha. Ukija kupata nguvu, mazoea ya kuuacha yameshakomaa. Mtafiti Edward Taub wa Marekani ndiye aliyelichimba sana jambo hili, na tiba yake ni kuuzuia mkono usioumwa kwa saa kadhaa ili mgonjwa alazimike kutumia ule ulioumwa. Si ya kila mtu, wala asifungwe akiwa anatembea. Muulizeni mtaalamu kwanza.

Kuna orodha ya maswali kuhusu kazi 30 za kila siku: mkono umeutumia kiasi gani, na vizuri kiasi gani, alama 0 hadi 5. Wakimuuliza, kaa karibu. Wanaume hujipendelea.

Kaka yangu vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi na vinajikunja. Juzi kaungua na sufuria bila kujua. – Sikonge

Mpeleke kituo cha afya wiki hii. Mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko una tatizo, na ukoma ni sababu mojawapo. Watamgusa kwa nyuzi za nailoni za unene tofauti, macho kafumba, na kupima nguvu za vidole kwa alama 0 hadi 5. Ikiwa ni ukoma, dawa ni bure, na mshipa ulioharibika chini ya miezi sita una nafasi nzuri zaidi ya kupona. Sufuria ashike kwa kitambaa.

Baba kapata kiharusi juzi. Mkono utarudi? – Mwanga, Kigoma

Pole sana. Angalieni mambo mawili: anaweza kuinua mkono kutoka begani kwenda pembeni, hata kidogo? Anaweza kunyoosha vidole? Utafiti wa Uholanzi wa 2010 uliwafuata wagonjwa miezi sita. Walioweza yote mawili siku ya pili baada ya kiharusi, 98 kwa 100 walipata uwezo fulani wa kutumia mkono. Wasioweza lolote kati ya hayo, 25 kwa 100. Uwezo fulani haina maana mkono wa zamani, na 25 si sifuri.

Mwambieni daktari wa zamu mlichokiona. Na mnapomgeuza kitandani msimvute kwa mkono uliolegea. Shikeni mgongoni, chini ya bega, mkono wenyewe muulaze juu ya mto.