Kabla Hujaweka Upepo Mbele ya Hotirodi Yako

Kabla hujanunua puto hata moja la upepo, yaani mfuko wa mpira unaojazwa hewa ili ubebe gari badala ya springi, inua hotirodi yako (gari la zamani lililoundwa upya), liweke juu ya stendi, kisha uingie chini uikague springi ya mbele. Kuanzia Model T ya 1908 hadi magari ya 1948, Ford waliweka mbele springi moja ya majani, imekingama juu ya ekseli kutoka upande mmoja hadi mwingine. Inabeba uzito. Inazuia ekseli isihame kushoto na kulia. Na majani yake yanaposuguana, yanapunguza mdundo wa gari baada ya shimo. Puto la upepo linafanya kazi ya kwanza tu. Hizo mbili zilizobaki ni lazima uzitafutie vifaa vingine vya kuzifanya, na hapo ndipo magari mengi yanapoharibikia.

Nasema haya kwa sababu kazi yangu ya kila siku hapa Ohio ni kutengeneza malori, na malori mengi ya Marekani yanatembea juu ya upepo. Kwenye lori huwezi kudanganyika: ukiangalia kando ya puto utaona mikono minene ya chuma inayoishika ekseli, shokapu zake, na valvu inayosawazisha kimo yenyewe. Puto limekaa pale kubeba tu. Nilipoanza kuifanyia kazi Ford Model A yangu ya 1931, yenye injini ya V8 ya valvu za pembeni na ekseli ya mbele ya umbo la I iliyoshushwa (iliyopindwa ili gari likae chini), nilikwenda na macho hayohayo ya lori.

Kwanza jiulize kama upepo unauhitaji kweli. Ikiwa unachotaka ni pua iliyoinama tu, ekseli iliyoshushwa inchi 4 pamoja na springi yenye macho (matundu ya nchani) yaliyogeuzwa vitakupa sura hiyo, na hakuna bomba litakalovuja. Vijana wa California walishusha magari yao kwa ekseli za kupinda miaka mingi kabla ya mambo ya maputo, na bado naona hakuna mbele iliyo nzuri kuishinda hiyo. Upepo una maana pale gari lako likiwa chini kiasi cha kugusa kila tuta na kila mwinuko wa kuingilia nyumbani, nawe unataka kulitumia kila wiki.

Ukishaamua, anza na fimbo ya Panhard. Ncha moja inafungwa kwenye chesisi, nyingine kwenye ekseli upande wa pili, nayo ndiyo inayozuia ekseli isitembee pembeni. Ifanye ndefu kadiri nafasi inavyoruhusu, na katika kimo cha kuendeshea iwe imelala sambamba na ardhi. Kama usukani wako ni wa kukingama, ule ambao dragilinki, yaani fimbo inayosukuma magurudumu yakate kona, inatoka kwenye boksi la usukani upande wa dereva kwenda gurudumu la pili, basi fimbo ya Panhard na dragilinki ziwe sambamba na zikaribiane urefu. Zikitofautiana, kila ekseli inapopanda au kushuka magurudumu yanajikata yenyewe bila wewe kugusa usukani. Model A iliyobaki na usukani wake wa asili ni kesi nyingine: dragilinki inakwenda mbele na nyuma ubavuni, kwa hiyo ncha yake ya nyuma inatakiwa iwe karibu na pale mkono wa ekseli unapojifungia kwenye chesisi.

Hili usilikadirie kwa macho. Toa maputo, funga usukani usizunguke, pandisha na ushushe ekseli kwa jeki kuanzia chini kabisa hadi juu kabisa huku ukiangalia magurudumu. Springi ya zamani ilikuwa na mwendo mfupi, kasoro ndogo ikajificha. Upepo unakupa mwendo mrefu, kwa hiyo kasoro ileile inageuka gari linalokimbilia upande mwingine barabarani.

Halafu kuna kasta, yaani mlalo wa nyuma wa kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele linazungukia likikata kona) unaolifanya gari lishike njia. Kwa ekseli ya mbele ya aina hii wengi hutumia nyuzi 5 hadi 7. Ukiwa na heapini, yaani mikono yenye umbo la pini ya nywele inayoishika ekseli kwenye chesisi, ekseli inazunguka kila kimo kinapobadilika. Chukua mkono wa sentimita 90, gari likashuka sentimita 10 mbele na nyuma kwa pamoja: kasta imeongezeka zaidi ya nyuzi 6. Ukilipandisha gari kupita kimo chake, kasta inapungua na gari linaanza kuyumbayumba. Kwa hiyo chagua kimo kimoja cha kuendeshea, kiwekee alama kwenye geji ya upepo, na alaimenti yote ifanyike gari likiwa hapo. Chini ni kwa kuegesha, juu ni kwa kupita tuta.

Heapini zina neno jingine. Gurudumu moja likipanda peke yake, heapini zinalazimisha ekseli ijinyonge. Ekseli ya I iliyofuliwa inavumilia kunyongwa. Ekseli ya bomba haivumilii, na ukiichanganya na heapini nguvu yote inakwenda kwenye mabano na kwenye sehemu ulizochomelea. Mwenye ekseli ya bomba atumie fimbo nne, mbili kila upande, badala ya heapini, hata kama wapenzi wa sura ya jadi watalalamika.

Sasa maputo yenyewe. Watu hununua makubwa wakidhani ndiyo imara. Mbele ya hotirodi ni nyepesi sana. Chukulia kila puto linabeba kilo 180, karibu paundi 400. Puto lenye kipenyo cha kazi cha inchi 5 lina eneo la takriban inchi 20 za mraba, kwa hiyo litatosheka na PSI 20 (paundi 20 kwa kila inchi ya mraba) tu. Kwa upepo mchache namna hiyo puto linakuwa gumu kuliko unavyotarajia, maana kila linapobanwa kidogo nguvu yake inapanda haraka mno kwa mzigo mdogo lililobeba. Gari linarukaruka. Puto la inchi 4 lingetaka PSI 32 hivi kwa mzigo uleule, na safari inakuwa tulivu zaidi. Pima uzito wa mbele kwanza, ndipo ununue.

Ukiweza, liweke puto juu ya ekseli yenyewe. Nimeona watu wakichomelea kisahani juu ya heapini na kulikalisha puto hapo, kwa sababu nafasi ipo na halionekani. Heapini zilitengenezwa kwa kuvuta na kusukuma. Ukizikalishia uzito wa gari katikati unazipinda, na siku ikikatika ukiwa maili 60 kwa saa, ekseli haina kinachoishika. Yaachanishe maputo kadiri inavyowezekana, kwa kuwa yakikaribiana gari linalala sana kwenye kona. Kila puto liwe na bomba na valvu yake. Ukiyaunganisha kwa bomba moja lililo wazi, upepo wa upande uliolemewa unakimbilia upande mwepesi katikati ya kona.

Boriti ya mbele ya chesisi usiikate ili kupata nafasi. Kwenye Model A inashikilia springi, lakini pia inabeba rejeta na sehemu ya mbele ya injini, na inaunganisha pande mbili za chesisi.

Shokapu ni lazima. Stopa za mpira ni lazima vilevile: puto likipasuka, gari likae juu ya stopa, tairi liendelee kuzunguka huru na usukani ufanye kazi. Jaribu hilo gereji kwa kutoa upepo wote na kukata kona hadi mwisho, kushoto na kulia. Na usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na upepo peke yake, hata kwa dakika moja ya kukaza nati. Stendi za chuma kwanza.

Umeme wa asili wa Model A ni volti 6, chanya ndiyo imeunganishwa na bodi. Kompresa nyingi za kujazia maputo ni za volti 12, kwa hiyo hesabu gharama ya kubadilisha mfumo mapema. Mabomba yapitishe mbali na ekzosi, na kila kiungo ukipake maji ya sabuni kabla ya kufunika chochote.

Kwa tulio kwenye majimbo ya baridi, tangi la upepo liwe na valvu ya kumwagia maji chini yake. Hewa iliyobanwa inaacha maji, na Januari maji hayo yanaganda ndani ya valvu, puto moja linakataa kujaa. Mimi humwaga kila ninapoegesha gari kwa zaidi ya siku chache.