Vipuri vya Kubeba Kuelekea Saadani

SWALI: Ndugu Mshauri, tunatarajia kwenda Saadani kupitia Pangani kwa Land Cruiser ya zamani ya dizeli. Je, tubebe vipuri na zana gani bila kuligeuza gari kuwa duka?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, lichunguzeni gari wiki moja kabla ya safari, kwa kuwa mkanda wa feni uliochanika pembeni hubadilishwa kwa urahisi gereji, ilhali ukikatika porini injini huchemka. Mkifunga mpya, ule wa zamani, ukiwa bado unafaa, uwe akiba, maana mnajua hakika kwamba unaenea. Ongezeni mipira ya rejeta na klempu zake, fyuzi, waya laini na maji ya kutosha.

Filta ya dizeli ndiyo inayosahauliwa zaidi. Ikiziba, kuibadilisha peke yake hakutoshi. Upepo ulioingia kwenye mfumo wa mafuta sharti utolewe kwa pampu ya mkono, kazi ambayo dereva aijaribu nyumbani kwanza.

Kuhusu spana, namba 10, 12, 14, 17 na 19 hukidhi sehemu kubwa ya kazi kwenye Toyota. Jeki bila kipande cha ubao mnene huzama mchangani. Bebeni pia koleo, kamba ya kuvutia, kipimo cha upepo na pampu, na mhakikishe spana ya magurudumu inazishika nati zenu. Nimeona wengi wakigundua kasoro hiyo wakiwa tayari wamepata pancha. Alteneta ya akiba iacheni nyumbani.