Maswali ya Wasomaji: Kula Tapas kwenye Hoteli za Asia

SWALI: Mwezi ujao tutakuwa watu wanne kwenye mkutano Singapore, na hoteli tuliyopangiwa ina mgahawa wa tapas za Kihispania. Hatujawahi kula chakula hiki. Tuagize nini, na kiasi gani?

JIBU: Tapas ni sahani ndogo zinazowekwa katikati ya meza, kila mtu akachukua. Kinachoharibu mlo huu kuliko kitu kingine chochote ni kuagiza vyote kwa mpigo. Jikoni hawasubiriani: sahani ikiwa tayari inatoka. Mkiagiza kumi, meza itajaa mara moja, na vya moto vitapoa mkiwa bado mnamaliza vya baridi. Anzeni na nne, mbili za baridi na mbili za moto, na menyu ibaki mezani. Zikikaribia kwisha, ongezeni mbili au tatu. Kwa watu wanne, nane hadi kumi kwa jumla zinatosha, mkate ukiwemo.

Angalieni pia maneno ya ukubwa. Tapa ndiyo ndogo kabisa, ración ni sahani kamili, na media ración ni nusu yake. Kwa vyakula vinavyohesabika, kama croquetas (mchuzi mzito wa maziwa ulioviringwa kwenye chenga za mkate ukakaangwa), mwulizeni mhudumu sahani ina vipande vingapi. Sahani yenye vitatu kwa meza ya watu wanne haifai, na migahawa mingi hukubali kuongeza kimoja kwa malipo. Croqueta nzuri ina ganda kavu linalovunjika, na ndani ni laini kama uji mzito. Ikija imepasuka na kunywa mafuta, ama mchuzi haukupoa vya kutosha kabla ya kuviringwa, ama mafuta ya kukaangia hayakuwa na moto wa kutosha.

Msiiache gambas al ajillo, kamba waliopikwa kwa mafuta ya zeituni, vitunguu saumu na pilipili kavu. Huletwa kwenye bakuli la udongo, na mafuta yanatakiwa yawe bado yanachemka yakifika mezani. Tazameni vipande vya vitunguu saumu: vikiwa na rangi ya dhahabu, mpishi amejua kazi yake; vikiwa vya kahawia, mafuta yote yameshakuwa machungu. Udongo hushika moto, kwa hiyo kamba wanaendelea kuiva hapo hapo mezani. Waleni kwanza, ndani ya dakika mbili tatu, kabla hawajawa wagumu kama mpira. Mafuta yaliyobaki ni ya kuchovya mkate, na kwetu sisi hiyo ndiyo nusu bora ya sahani.

Mkitaka paella, iagizeni mara tu mnapoketi. Wali huo ukipikwa upya huchukua nusu saa au zaidi. Ukiletwa baada ya dakika kumi, ulipikwa mapema ukapashwa.

SWALI: Bei za menyu Singapore zina alama ya «++». Maana yake nini?

JIBU: Alama ya kwanza ni ada ya huduma, asilimia 10. Ya pili ni kodi ya bidhaa na huduma, ambayo ni asilimia 9 tangu Januari 2024, na hutozwa juu ya bei ikiwa imeshaongezwa ile ada. Hivyo dola 100 za menyu huwa 110, kisha 119.90. Chukua bei ya menyu, zidisha kwa 1.2, na utakuwa karibu kabisa na bili yenyewe. Bakshishi haitegemewi, maana ada ya huduma umeshalipa.

SWALI: Mimi ni Mwislamu. Nitapata cha kula?

JIBU: Utapata, lakini uliza kwa kila sahani, maana nguruwe na divai hujificha. Jamón (paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi) na chorizo (soseji) ni nguruwe, hilo ni wazi. Croquetas mara nyingi huwa na vipande vya jamón hata menyu isiposema. Kamba na kome huweza kutiwa divai au brandi wakati wa kupikwa. Mchuzi wa patatas bravas, viazi vya kukaanga vyenye pilipili, kuna wanaoupika kwa supu ya mifupa ya jamón. Hata viazi vitupu huenda vikakaangwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa croquetas.

Usiulize tu kama chakula ni halali. Mhudumu anaweza kujibu asichokijua. Uliza mambo matatu: kuna nguruwe au mafuta yake? Kuna divai? Kimekaangwa kwenye mafuta gani? Mahali pa kuanzia ni pan con tomate (mkate wenye nyanya iliyosagwa), tortilla ya mayai na viazi, na pilipili za Padrón za kukaanga, ambazo nyingi si kali lakini moja moja huwasha kwelikweli. Nazo pia ziulizie mafuta.

Singapore, cheti cha halali hutolewa na MUIS, baraza la dini ya Kiislamu la nchi hiyo, na hutolewa kwa mgahawa mmoja mmoja. Cheti ukikiona kwenye mgahawa mwingine wa hoteli hiyo hiyo, hakihusu jiko la tapas.

SWALI: Kwa nini jamón moja ni ghali mara kadhaa kuliko nyingine?

JIBU: Bei hufuata mbegu ya nguruwe na chakula alicholishwa. Tazama utepe wa rangi kwenye paja lenyewe, kama limewekwa mahali pa kuonekana. Utaratibu huu wa sheria ya Uhispania ni wa 2014. Mweusi ni nguruwe wa Ibérico (mbegu ya asili ya huko) asilimia 100 aliyenoneshwa kwa matunda ya mwaloni malishoni. Mwekundu ni chotara aliyelishwa vivyo hivyo. Kijani ni wa malishoni aliyeongezewa nafaka. Mweupe ni wa zizini. Vipande viwe vyembamba na mafuta yake yang'ae. Yakiwa meupe na magumu, vimetoka kwenye friji sasa hivi: viache dakika kumi.

SWALI: Kwenye hoteli ya Manila niliagiza «tapa» asubuhi, nikaletewa nyama ya ng'ombe na wali. Walikosea?

JIBU: Hapana. Uhispania iliitawala Ufilipino hadi 1898 na maneno mengi yakabaki, lakini huko tapa ni nyama iliyokolezwa viungo au kukaushwa, ikakaangwa. Ikija na wali wa vitunguu saumu na yai huitwa tapsilog. Ukitaka sahani ndogo za Kihispania, agiza kwa jina la chakula chenyewe.