Kabla Hujauliza Miaka ya Wiski, Uliza Pipa

Wiki iliyopita dada mmoja anayejiandaa kufungua duka la vinywaji Arusha aliniandikia. Leseni anayo, rafu zimeshapigwa, mzigo wa kwanza unasubiri kuagizwa. Kinachomsumbua ni swali la kaunta: mteja akisimama mbele yake na kusema "nipe yenye miaka mingi," amuuzie ile ya miaka 18 kwa moyo mweupe, au kuna jambo anapaswa kumweleza kwanza?

Lipo, tena kubwa. Nimefurahi kuona muuzaji anauliza kabla hajafungua mlango, kwa sababu wengi hupanga chupa kwa bei, wakamwachia mteja rangi na namba. Dada yangu, na wewe mwingine mwenye ndoto ya biashara hii: namba ya miaka ni ukweli mmoja kati ya mingi, na mara nyingi si ule unaoamua ladha.

Nitashika wiski ya Uskoti, maana kanuni zake za mwaka 2009 zinabana kila hatua, na ukizielewa hizo, brandi na bourbon, ile wiski ya mahindi ya Marekani, hazitakusumbua.

Kila kitu kinaanza na kimea. Aliyekulia Kilimanjaro akaona ulezi ukioteshwa kwa ajili ya mbege hahitaji maelezo marefu: shayiri huloweshwa mpaka unyevu wake ufike karibu asilimia 45, ikaachwa ichipue kwa siku 5 hivi, kisha ikakaushwa kwa joto kabla mche haujala wanga wote. Lengo ni kuamsha vimeng'enya vitakavyogeuza wanga kuwa sukari. Kama moto wa kukaushia umewekwa piti, ule udongo wa mimea iliyooza kwenye maeneo ya majimaji, moshi wake hushika kwenye punje. Harufu ya moshi unayoisikia kwenye wiski nyingi za kisiwa cha Islay inatoka hapo. Haitoki kwenye pipa, ingawa wauzaji wengi huwaambia wateja kwamba pipa lilichomwa moto ndiyo maana.

Kimea husagwa na kuchanganywa na maji ya nyuzi 64 hivi. Maji yakizidi moto sana vimeng'enya hufa mapema na sukari hupungua. Maji matamu yanayochujwa hupozwa mpaka nyuzi 20 au chini kidogo, yakatiwa hamira, yakachachuka kwa saa 48 hadi zaidi ya 100. Muda huu usiudharau. Pombe yenyewe hupatikana karibu yote katika siku mbili za mwanzo, lakini kiwanda kikisubiri zaidi, bakteria wa asidi ya laktiki huingia kazini na harufu za matunda huongezeka. Kinachotoka ni pombe ya asilimia 7 hadi 9, kama bia isiyo na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu.

Sasa tufike mahali ninapopapenda kuliko pote, yaani kwenye mtambo.

Wiski ya kimea kwa kawaida hukenekwa mara mbili, yaani huchemshwa na mvuke wake ukapozwa, kwenye vyungu vikubwa vya shaba. Chungu cha kwanza huinua kilevi kutoka asilimia 8 hivi mpaka 22 au karibu na hapo. Cha pili ndicho kinachotenganisha fundi na mpishi wa kubahatisha, kwa sababu kinachotoka humo hugawanywa sehemu tatu: kichwa, moyo na mkia. Kichwa hutoka kwanza, kikiwa kikali, chenye harufu ya gundi na rangi ya kucha, maana kina asetaldehidi na ethili asetati kwa wingi. Moyo ndio unaowekwa kwenye pipa. Mkia huja mwishoni, mzito, wenye harufu ya jasho, ngozi na karatasi iliyolowa.

Fundi anajuaje kichwa kimekwisha? Kimiminika hupita ndani ya sanduku la shaba na kioo lililofungwa kufuli, desturi iliyoletwa na watoza ushuru tangu karne ya 19 ili mtu asichote kabla kodi haijahesabiwa. Kwa mikono ya bomba zilizo nje ya sanduku, fundi huchanganya sampuli na maji mpaka ifike asilimia 45.7. Ikigeuka ukungu kama maziwa, bado, kwa sababu mafuta mazito yaliyobaki kwenye mabomba tangu mkia wa mpiko uliopita hayajasafishika. Ikibaki angavu, anageuza mkondo na moyo unaanza kukusanywa. Unaanzia karibu asilimia 75 na kukatwa mahali fulani kati ya 65 na 58, kutegemea kiwanda. Akichelewa kukata, mkia huingia na harufu zake. Akiwahi mno, anatupa utamu na uzito. Kichwa na mkia havimwagwi, hurudishwa kwenye mpiko unaofuata.

Kasi nayo ina lake. Moto ukiwa wa taratibu, mvuke hugusana na shaba kwa muda mrefu na shaba hunasa salfa, ile harufu ya kabichi iliyochemka. Moto ukiharakishwa, salfa hupita. Ndiyo maana vyungu hutengenezwa kwa shaba ingawa chuma cha pua ni imara zaidi, na ndiyo maana kuta zake huliwa polepole mpaka zibadilishwe.

Hapa nigeuke kidogo kando, maana ni jambo la uhai. Mitaani watu wanaamini kwamba methanoli, kilevi chenye sumu, yote hutoka kwenye kichwa, kwa hiyo ukimwaga vikombe vya mwanzo uko salama. Si hivyo. Methanoli peke yake huchemka kwa nyuzi 64.7 na ethanoli, pombe yenyewe tunayokunywa, kwa 78.4, lakini ndani ya mchanganyiko wenye maji hazitengani kwa mpangilio huo, na methanoli hutoka mwanzo mpaka mwisho. Kinywaji cha nafaka huwa nayo kidogo sana, cha matunda zaidi kidogo kwa sababu ya pektini iliyomo kwenye matunda. Vifo vya watu zaidi ya 100 katika mitaa ya Nairobi mwaka 2000, na vingine vingi Kenya mwaka 2014, havikutokana na mpishi aliyesahau kukata kichwa. Ilikuwa methanoli ya viwandani iliyoingizwa kwenye kinywaji. Mwilini hugeuka asidi ya fomiki inayoshambulia neva ya macho, na dalili zinaweza kuchelewa saa 12 hadi 24. Mtu anayelalamika kuona ukungu siku ya pili baada ya kunywa ni mgonjwa wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Kwa hiyo muuzaji usinunue mzigo usio na stempu ya kodi, hata ukiletewa kwa nusu bei na mtu unayemfahamu. Tanzania kuna programu ya simu ya kukagua stempu iitwayo Hakiki Stempu, Kenya kuna Soma Label. Hakiki chupa mbele ya aliyeileta.

Kuna mtambo wa pili, wa minara, aliouwekea hataza Aeneas Coffey mwaka 1830. Huu haupiki kwa mafungu, hutiririka mchana na usiku, na unaweza kutoa kilevi cha zaidi ya asilimia 90. Wiski ya nafaka za ngano na mahindi hutoka humo. Kwa Uskoti mpaka ni chini ya asilimia 94.8, ili harufu ya nafaka ibaki. Ukipanda mpaka 96 unapata kilevi kisicho na harufu wala asili, ambacho ndicho msingi wa vodka na jini nyingi. Hivi havihitaji pipa. Wala usimdharau mteja wa Konyagi kwa sababu ya mwenye wiski, ni kinywaji cha aina nyingine. Mweleze tu kwamba lebo inasema asilimia 35, wakati Umoja wa Ulaya unadai jini na vodka zisipungue 37.5.

Turudi kwenye pipa, na hapa ndipo jibu la dada yetu lilipo.

Kioevu kinachotoka mtamboni ni cheupe kama maji. Kiwanda hukishusha mpaka karibu asilimia 63.5 na kukitia kwenye pipa la mwaloni. Kanuni inataka pipa lisizidi lita 700 na kioevu kikae humo Uskoti si chini ya miaka 3. Pipa hufanya kazi tatu kwa pamoja. Tabaka la ndani lililochomwa hunasa salfa iliyobaki. Mbao hutoa vanila, harufu ya nazi, viungo na ukakasi. Na hewa inayopenya taratibu hulainisha ukali.

Lakini mbao huchoka. Marekani, bourbon lazima iingie kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani, hivyo pipa likitumika mara moja huuzwa, na mengi huishia Uskoti. Huko likijazwa mara ya kwanza hutoa kwa wingi, mara ya pili kiasi, na likifika ya tatu au ya nne huwa karibu chombo tu cha kuhifadhia. Wiski ya miaka 18 kutoka pipa lililochoka inaweza kuwa hafifu na nyembamba, huku ya miaka 10 kutoka pipa zuri lililokuwa na sheri, mvinyo mkali wa Hispania, ikijaa mdomo. Lebo inakuambia miaka lakini hailazimiki kukuambia pipa limejazwa mara ya ngapi. Kiwanda kinachojivunia pipa lake huandika aina yake na kueleza kuwa ni la ujazo wa kwanza. Tafuta maneno hayo kabla ya namba.

Hesabu nayo ina mambo. Uskoti pipa hupoteza takriban asilimia 2 kwa mwaka kwa mvuke. Pipa la lita 250 baada ya miaka 12 hubakiwa na kama lita 196. Tuseme kilevi kimeshuka mpaka asilimia 58, ukiongeza maji kufika 40 unapata lita 284, yaani chupa 400 na kidogo za sentilita 70. Kila mwaka unaoongezwa unapunguza chupa na kukalia nafasi ya ghala, na bei ya miaka 18 imebeba gharama hiyo. Unalipia uhaba, si lazima ubora. Tena, wiski ikishuka chini ya asilimia 40 pipani haiwezi kuuzwa kama wiski ya Uskoti.

Na joto? Bengaluru nchini India, kwenye kiwanda cha Amrut, upotevu ni kama asilimia 10 au zaidi kwa mwaka. Ndani ya miaka 5 zaidi ya theluthi ya pipa imeondoka na mbao zimeshatoa kile kiwanda kilichotaka. Kwa hiyo usimlinganishie mteja miaka 5 ya India na 12 ya Uskoti kwa namba peke yake.

Sasa soma lebo pamoja nami. Uskoti ina aina 5. Single malt ni kimea cha shayiri tupu, vyungu vya shaba, kiwanda kimoja. Single grain ni ya kiwanda kimoja pia, lakini yenye nafaka nyingine. Blended malt ni single malt za viwanda zaidi ya kimoja, blended grain vivyo hivyo kwa nafaka, na blended Scotch huchanganya malt na grain. Hiyo ya mwisho ndiyo inayouzwa zaidi, na haina aibu yoyote. Ukiona namba ya miaka, ni ya kioevu kichanga kuliko vyote humo ndani: tone moja la miaka 8 likiingia kwenye ya 30, lebo itaandikwa 8.

Brandi ya Cognac, Ufaransa, hutumia herufi. VS ni angalau miaka 2 pipani, VSOP miaka 4, na XO miaka 10 tangu mwaka 2018, kabla ya hapo ilikuwa 6. Herufi hizo kwenye brandi ya mahali pasipo na kanuni hiyo zinaweza kuwa pambo tu. Bourbon huwa na angalau asilimia 51 ya mahindi, na neno straight lina maana ya miaka 2 au zaidi.

Na rangi, tafadhali. Inaniuma kuona mteja ananyanyua chupa mbili kwenye mwanga na kuchagua iliyokolea rangi. Uskoti inaruhusu karameli ya kawaida, rangi ya sukari iliyounguzwa iitwayo E150a, ili mizigo ifanane. Cognac nayo inaruhusu. Straight bourbon hairuhusu. Ndugu zetu walioko Ujerumani waangalie nyuma ya chupa, huko karameli hutajwa: "mit Farbstoff". Muuzaji anayesema "hii nyeusi ndiyo imekaa" anadanganya, hata kama hajui. Na asiyejua ana wajibu wa kujifunza, maana anapokea fedha za watu. Muuzaji mwenye heshima hataji rangi kabisa.

Dada, mambo matatu ya dukani. Simamisha chupa, usizilaze kama za mvinyo, kilevi kikali hula kizibo. Ziepushe na jua la dirishani. Na mteja akirudisha chupa ya asilimia 46 au zaidi akidai ni feki kwa kuwa imefanya ukungu baada ya kuwekwa kwenye barafu, usibishane: hiyo haikuchujwa kwa baridi, na mafuta yake huganda ikipoa au ikitiwa maji. Iache irudi kwenye joto la chumba. Ikibaki na ukungu hapo, au stempu ikikataa, iondoe rafuni na umpigie aliyekuletea.

Kwa mtaji wako wa kwanza, chukua blended mbili zinazotembea, single malt moja ya miaka 10 au 12 yenye aina ya pipa kwenye lebo, bourbon moja na VSOP moja. Ya miaka 18 iagize mteja akishalipa nusu.