Nina laki sita, nianze useremala na mashine gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 22, nimemaliza form four, nipo Morogoro. Nataka kuingia useremala, hasa milango na fremu. Nimejichanga nimepata laki sita, ninunue rauta kwanza au randa ya umeme? Na VETA ni lazima?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo hela ishike kwanza, mashine usinunue hata moja. Hapo mtaani kwenu hakosi mtu mwenye mashine ya kuchana na kuranda, unapeleka mbao zako unalipia unaondoka, mafundi kibao wanaishi hivyo miaka na miaka na milango yao iko safi tu.

Kinachowaangusha vijana ni mbao mbichi. Mi mwenyewe kazi yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa milango mitatu ya paneli, mbao nimetoa kwenye lori asubuhi jioni nishaanza kutoboa, nikapiga vanishi ikang'aa mteja akafurahi kweli, miezi miwili mbele ananipigia simu eti fundi njoo uone, nafika nakuta viungo vimeachia unaingiza kucha na mmoja umejikunja haugusi fremu kwa juu. Nikarudia kwa hela yangu. Ubao ukikauka unapungua upana, urefu wake haubadiliki sana, ndo maana mlango unafunguka kwenye maungio. Kwahiyo mbao ukinunua zipange kivulini, weka vijiti katikati hewa ipite, na vichwa vya mbao vipake rangi yoyote iliyobaki maana pale ndo panakauka haraka alafu panapasuka. Kujua zimekauka ni rahisi, kata kipande, kipime kwenye mzani wa dukani kila baada ya siku kadhaa, uzito ukigoma kushuka basi anza kazi.

Vifaa nunua vya mkono: msumeno, randa, patasi tatu (nusu inchi, robo tatu na inchi moja), skwea, futi, nyundo ya mti na jiwe la kunolea. Jiwe usilisahau aisee, patasi butu ndo inakata watu kwa sababu unasukuma kwa nguvu mpaka inateleza.

Alafu kaa na tundu na ulimi mpaka uchoke, yaani kile kiungo ambacho ncha ya ubao mmoja iliyochongwa (ulimi) inaingia kwenye tundu la ubao mwingine. Ulimi unene wake uwe kama theluthi moja ya ubao, yaani ubao wa inchi moja na nusu unatumia patasi ya nusu inchi, imeisha hiyo. Ukiwa mnene sana kuta za tundu zinapasuka, ukiwa mwembamba unavunjika. Unatakiwa uingie kwa kugongwa kidogo tu na nyundo ya mti, ukiingia kwa kidole ni mlegevu na gundi haitakuokoa. Ukishaunganisha fremu pima kona kwa kona kabla gundi haijashika. Fremu ya futi 3 kwa 7 inatakiwa isome inchi 91 na 3/8 hivi pande zote mbili, ila hata hiyo namba usiikariri, muhimu zilingane, zikipishana sukuma kwa ndani kona ya kile kipimo kirefu.

VETA siyo lazima ila mi ningekushauri uende, kuchora na kupiga hesabu ya mbao karakana nyingi hawakufundishi, unabaki kukadiria kwa macho. Kama ada inasumbua ingia kwa fundi kwanza, kuna utaratibu wa urasimishaji ujuzi, VETA wanakupima ulichojifunzia mtaani wanakupa cheti, na cheti utakitaka siku unaomba kazi za madawati ya shule.

Fundi wa kukaa naye mchague kwa kuangalia milango aliyofunga zamani, siyo iliyopo karakana. Muulize wateja wake wa miaka miwili mitatu nyuma wako wapi, nenda kaifungue na kuifunga mwenyewe.