Kutoka komiki hadi animesheni: mistari inayochemka na mguu unaoteleza

SWALI: Nimechora komiki kwa miaka kadhaa na sasa najifunza animesheni ya 2D kwenye kompyuta. Nimejaribu kumtembeza mhusika wangu mkuu. Nikisimamisha fremu yoyote, mchoro ni mzuri. Ikianza kucheza, uso unabadilika umbo, vivuli vinachemka, na miguu inateleza kama amekanyaga sabuni. Nakosea wapi? Na nikitaka kazi studio, niombe nafasi gani kwanza?

JIBU: Mkono wako uko sawa, ndugu yangu. Shida ni kwamba bado unachora kila fremu kama paneli, yaani picha ambayo msomaji ataitazama kadiri apendavyo. Fremu hukaa sehemu ndogo tu ya sekunde, na kinachoonwa na jicho ni tofauti kati yake na iliyotangulia. Tofauti yoyote usiyoikusudia itaonekana kama mwendo.

Ndiyo maana vivuli vinachemka. Vile vistari vya wino unavyotilia kivuli shavuni haviwezi kuangukia mahali palepale kila unaporudia mchoro, hata ujitahidi vipi. Fanya hesabu: filamu hupita fremu 24 kwa sekunde, na kwa kawaida kila mchoro hushikiliwa fremu mbili, kwa hiyo unahitaji michoro 12 kwa sekunde. Mhusika mwenye mistari 140 anakudai mistari 1,680 kwa sekunde moja ya mwendo. Mpunguze hadi 40, atakudai 480. Futa vistari vyote vya kivuli, weka kivuli cha rangi moja kwenye tabaka (layer) lake peke yake, na chagua brashi ya unene usiobadilika mpaka mwendo ukae sawa. Tatizo hili ni la zamani. Winsor McCay, mchoraji wa vibonzo vya magazeti wa Marekani, alitoa Gertie the Dinosaur mwaka 1914 huku mandhari ya nyuma ikichorwa upya kwenye kila karatasi. Ukiitazama leo utaona mawe yakitetemeka ilhali hakuna kinachoyagusa. Alex Toth, aliyetoka kwenye komiki akaja kubuni wahusika wa Hanna-Barbera, studio ya katuni ya Marekani, miaka ya 1960, alisifika kwa kufuta kila mstari usiobeba umbo. Ichunguze michoro yake taratibu. Kwa mtu wa komiki anayehama, sijui mwalimu bora kuliko huyo.

Uso unaobadilika ni jambo jingine. Nadhani unachora fremu ya pili kwa kuifuata ya kwanza, ya tatu kwa kuifuata ya pili, na kuendelea. Hapo unanakili nakala: kosa dogo la fremu ya pili linarithiwa na kukuzwa, na ukifika ya nane kichwa kimeshavimba. Chora kwanza michoro mikuu, ile ya mwanzo na mwisho wa kila kitendo, kisha jaza ya kati huku michoro mikuu yote miwili ikionekana kwa ufifi chini yake (programu nyingi huita onion skin). Anza na mpira wa kichwa na mstari wa macho, sura ije baadaye. Andaa pia karatasi ya vipimo vya mhusika: mbele, robo tatu (amegeuka kati ya mbele na ubavu), ubavu, robo tatu ya nyuma na mgongo, vyote kwenye mstari mmoja, huku mistari ya mlalo ikipita kwenye macho, kidevu, mabega, kiuno na magoti. Kiuno kisipogusa mstari uleule katika pande zote tano, rekebisha karatasi hiyo kabla hujahuisha chochote.

Sasa mguu. Kwa kuwa unashikilia kila mchoro fremu mbili, tumia hatua ya fremu 16, maana inagawanyika vizuri: kisigino kinagusa chini fremu ya 1, mwili unashuka chini kabisa fremu ya 5, mguu wa pili unapita fremu ya 9, mwili unainuka fremu ya 13, na kisigino cha pili kinagusa fremu ya 17. Hatua mbili ni fremu 32. Fremu ya 33 ni ileile ya 1, basi usiiweke tena mwishoni. Ukiiweka, mhusika atakwama kidogo kila mzunguko unapoanza upya.

Kama mhusika anatembea mahali pamoja na mandhari ndiyo inayosogea, mguu uliokanyaga lazima urudi nyuma kwa umbali uleule katika kila mchoro. Umeshafundishwa kwamba mwendo uanze polepole na uishe polepole. Ni kweli kwa mkono na kichwa, lakini unyayo ulio chini unafuata ardhi. Hatua ikiwa na urefu wa pikseli 320, unyayo unarudi pikseli 40 kwa kila mchoro. Mandhari nayo isogee pikseli 40 kila baada ya fremu mbili. Ukiisogeza pikseli 20 kila fremu wakati mguu unabadilika kila fremu mbili, kuteleza hakutaisha hata mahesabu yakiwa sahihi, na watu wengi hupoteza siku nzima wakiusahihisha mguu usio na kosa.

Kuhusu kazi, omba nafasi ya storibodi, yaani kuchora mfululizo wa picha zinazopanga filamu kabla haijahuishwa. Kupanga tukio kwa picha unakujua tayari. Ila huko picha zako zote zitakuwa na umbo moja la skrini, 16:9 (upana 16 kwa kimo 9), na paneli moja ya komiki ambamo mmoja anauliza, mwingine anajibu na glasi inaanguka itakuwa picha tatu au nne. Angalia pia upande wa kamera: vuta mstari wa kufikirika kati ya wazungumzaji wawili na ubaki upande mmoja wake, la sivyo wataonekana wamebadilishana viti. Soma mazungumzo kwa sauti ukishika saa, zidisha sekunde kwa 24, uandike idadi ya fremu chini ya kila picha. Peleka matukio mawili au matatu kamili, moja la mazungumzo matupu, na kurasa za komiki zisizidi nne.